Asumini Yangu na Jicho la Mama Njeri

Jumapili. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, ile ya Birmingham isiyonyesha ikakwisha. Wiki nzima nimekuwa kazini, miguu imevimba, na siku yangu ya kupumzika nimeimalizia bafuni nikiuogesha mti.

Niseme ukweli leo, maana nimechoka kuubeba.

Asumini hii niliinunua mtaa wa Alum Rock, nikaiweka dirishani hapa kwetu Newtown. Mwaka mzima haikutoa hata tumba moja. Mwezi uliopita ikachanua, nyumba yote ikanukia, nikamwita Mama Njeri aje kuona. Yeye ni Mkenya, tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kulelea wazee, na katika mji huu sina mwingine wa kumwita rafiki. Alisimama mbele ya dirisha, mikono kiunoni.

"Haki, Mama Sabra, hii maua yako imetoka poa sana. Zangu hukufa tu."

Hakusema mashaallah. Angesemaje, na yeye ni mtu wa kanisani?

Wiki haikwisha, majani yakapauka, yakajaa vidoa vidogo kama yamenyunyiziwa unga, yakaanza kupukutika. Moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwenye jicho lake. Nikauhamisha mti kutoka dirishani ili wapita njia nao wasiuone, nikauficha ubavuni mwa hita. Kila jioni nikaufukiza ubani. Ulizidi kukauka, nami nikazidi kumchukia mwenzangu.

Nikamkwepa wiki tatu. Kazini, chai nilikunywa peke yangu. Juzi akaniandikia, "Umeninyamazia sana. Kwani nimekukosea?" Sikumjibu.

Leo asubuhi binti yangu Sabra, mzaliwa wa hapa, aliweka karatasi nyeupe chini ya tawi akaligonga kwa kidole. Vikaanguka vinukta kama vumbi. Kisha lile vumbi likaanza kutembea.

"Mum, it's mites. Wanapenda joto na ukavu. Why would you put it by the heater?"

Utitiri, ndugu zao wale wanaosumbua kuku. Nikageuza jani, nikakuta utando mwembamba kama wa buibui. Wiki zote hizo za ubani sikuwahi kugeuza hata jani moja.

Basi nimeyaosha kwa maji na sabuni, upande wa chini, moja baada ya jingine. Yaliyobaki si mengi. Sabra anasema nirudie kila baada ya siku chache, na nisiurudishe karibu na hita. Ukipona, alhamdulillahi. Usipopona, nitanunua mwingine.

Mama Njeri sitampata mwingine. Nilipolazwa hospitali, ndiye aliyempikia Sabra na kumpeleka shule, na mimi nikamhukumu kwa sababu ya vijidudu. Naona haya.

Mchana nimemwandikia, "Hujanikosea. Mimi ndiye niliyekukosea. Njoo nikueleze, na ukicheka nitavumilia."

Tiki mbili za buluu. Hajajibu.

Kesho zamu yetu ni moja, saa moja asubuhi. Wakati wa chai nitachukua kikombe changu niende mezani kwake. Asiponisogezea kiti nitasimama hapohapo na kikombe changu. Yeye nilimsimamisha wiki tatu.