Wambui ni wa Kabila Gani

Alhamisi. Ukungu haujaondoka Molo tangu asubuhi, na mimi sina salamu kwa mtu yeyote.

Leo wametugawa.

Tangu serikali itangaze Hali ya Hatari tulijua zamu ya shamba hili la mzungu itafika. Nilidhani watakuja kutafuta wabaya. Hawakutafuta mbaya wala mwema, walitafuta Wakikuyu. Karani alisimama kando ya lori, pale ng'ombe wanapokamuliwa, akaamuru Wakikuyu wakae kushoto na makabila mengine kulia. Wa kushoto wanarudishwa kwao. Kwao wapi? Njoroge, mume wangu, alizaliwa humu humu shambani. Hiyo Kiambu wanakompeleka hajawahi kuikanyaga.

Nilisimama kushoto, kati ya Njoroge na mama yake, nimemshika binti yangu Wambui mkono.

Karani akanitazama usoni. "Mama, wewe kabila gani?"

Kabla sijajibu, mama mkwe akadakia. "Huyo ni Mnandi. Si wetu."

Neno hilo nimelisikia tangu niolewe. Nikipika, si wetu. Nikilima, si wetu. Nilipozaa, mtoto akawa wao, mimi nikabaki si wao. Leo amelisema mbele ya askari wenye bunduki, na sijui kama alikuwa ananifukuza au ananiokoa.

Namchukia kwa yote mawili.

"Basi nenda kulia," karani akasema. "Mtoto abaki. Mtoto ni wa kabila la baba."

"Nani amesema?"

"Ndiyo sheria, mama."

Sheria! Huyo karani hajawahi hata kumfuta Wambui kamasi, lakini yeye ndiye anajua Wambui ni nani. Damu ilinipanda. Nikasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Huyu si mtoto wa Njoroge. Nilikuja naye kutoka kwetu."

Uongo mtupu. Wambui ana uso wa Njoroge, paji, masikio, mpaka ule mwanya wa meno.

Mama mkwe akapiga kelele. "Mtazameni huyo mtoto! Hamna macho?"

Karani akamgeukia Njoroge. "Ni kweli anayosema mke wako?"

Njoroge alimtazama Wambui kwa muda mrefu. Kisha akatazama chini.

"Ni kweli. Si wangu."

Mama yake akamzaba kofi mbele ya watu wote. Njoroge hakujikinga. Alipanda lori bila kugeuka nyuma, na ninajua kwa nini hakugeuka, lakini Wambui hajui. Ana miaka mitano. Alisikia kila neno.

Karani hakutazama uso wa mtu tena. Alitutikisia kalamu twende kulia, akaita mwingine.

Nawachukia wote. Karani, askari, mzungu aliyebaki ndani ya gari lake akivuta sigara. Wenzangu wa kulia pia, waliotusogezea nafasi wakinong'ona kwamba sasa nimerudi nyumbani.

Kesho nyapara atapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha hakuna Mkikuyu aliyebaki. Kwa hiyo jioni hii nimemfundisha mwanangu. Jina lako ni Chebet, jina la Kinandi. Cucu hatumtaji tena. Akalia akimwita Cucu, bibi yake, nami nikampiga mdomoni. Mimi, mama yake.

Sasa ameketi mlangoni amenipa mgongo.

"Chebet," nimemwita.

Hajageuka.

Nitamwita tena, na tena. Kufikia asubuhi lazima awe anageuka.