Mti Wako Umeponea Chupuchupu

Nyumba za Wafanyakazi,
Shamba la Miti.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu. Hujambo huko, na baridi inakuacha ulale? Sisi wazima. Baba goti linamsumbua, mdomo haujambo. Shemeji yako anasema kwenye picha uliyotuma umekonda. Mimi nimemwambia ni koti lililonenepa.

Nimepata kibarua kwenye upimaji wa miti. Nazungusha utepe kwenye shina, usawa wa kifua, nataja unene, Bibi Afisa wa misitu anaandika. Mti, wanasema, huvuta hewa chafu na kuiweka akiba ndani ya mbao. Serikali nayo inatakiwa kuripoti nchi imetoa moshi kiasi gani, na miti iliyopandwa imehifadhi kiasi gani. Ni kama mlevi anayeomba zihesabiwe pia siku alizokunywa maji.

Ili wasibahatishe, miti michache hukatwa ikapimwa kwenye mizani, shina hadi mizizi, na vipande vikakaushwa kwenye oveni, maana maji hayahesabiwi. Mti wa kukatwa hupakwa mviringo mwekundu. Hilo lishike.

Baba aliposikia msumeno unakuja, roho yake ilikwenda kwenye mti wako, ule mlioupanda pamoja ulipoanza shule. Enzi zake za ulinzi humu shambani, mti uliopakwa nyekundu ulikuwa wa mbegu, marufuku kuguswa. Basi bila kuniambia akachukua rangi iliyobaki ya mlango wetu, akaupaka mviringo safi, akarudi kunywa chai.

Jumanne Fundi Msumeno akaufikia. Nikamwambia, "Fundi, huo sio."

"Rangi imesema ndio," akanijibu, akawasha msumeno.

Nikaenda kusimama mbele yake na utepe wangu, silaha ya maana sana. Ndipo baba akatokea na mkongojo, akaketi pale shinani kama yuko sebuleni.

"Mzee, ondoka, mti umepakwa."

"Najua. Nimeupaka mimi, usiguswe."

"Nyekundu ndiyo ya kukata."

"Tangu lini?"

Bibi Afisa akaja, akaamuru msumeno uzimwe. "Miti yangu ya kukata imetimia, mzee. Huu ni wa nani?"

"Wa mwanangu. Yuko mbali."

"Mbali wapi?"

"Kule ambako kalamu hazipatikani."

Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza chumvi.

Bibi Afisa alicheka, kisha akauingiza kwenye miti inayopimwa ikiwa imesimama. Nikaupigilia kibati cha namba. Utapimwa kila baada ya miaka kadhaa, na haukatwi. Sasa baba anawatangazia majirani kwamba mti wako umeajiriwa serikalini, wakati mimi bado kibarua.

Jana tulikwenda kuukwangua rangi. Tulipomaliza, baba akaukumbatia, kama alivyozoea kuupima. Wewe ulipoondoka, vidole vyake vilikutana upande wa pili. Safari hii havikukutana. Akabaki ameegemeza shavu kwenye gome. Nikazunguka nyuma, nikamshika mikono yote miwili, tukauzingira mti mzima.

Shangazi anakusalimu, na Mama Pacha, na pacha wenyewe wanaokujua kwa picha tu. Mungu akulinde na akufungulie njia.

Mti unanenepa, mdogo wangu. Karibuni tutahitaji mtu wa tatu.

Ni mimi kaka yako, akupendaye hata usipojibu.