Siku Niliyokupeleka Ushonwe Masikio

Mama yangu uliyelala Nakuru kati ya watu usiowajua,

Nimeshika kalamu leo Jumapili baada ya ibada, na sitajifanya kwamba naandika kukuomba msamaha. Ungekuwa hai ungenisamehe kabla sijamaliza kusema, na hilo ndilo linaloniudhi. Ulikuwa ukisamehe ovyo, kama mtu anayegawa viazi mwaka wa mavuno mengi. Ningependa unikasirikie mara moja tu. Barua hii nitaiacha wazi juu ya meza, mke wangu aisome, na wazee wa kanisa waisome wakipenda.

Unakumbuka Mau Narok, baba alipokuwa akichunga ng'ombe wa yule mzungu, nasi tukapewa kipande cha kulima nyuma ya shamba la ngano? Kabla sijajua kutembea nililala mgongoni mwako nimeshika sikio lako. Ndewe zako zilikuwa ndefu, zimefika karibu na mabega, na ndani yake mlikuwa na vipuli vya shaba na shanga ulivyovaa siku ulipoolewa na baba. Vilinukia mafuta ya ng'ombe. Asubuhi za baridi kali, nyasi zikiwa nyeupe, nilikuwa nasikia shaba ikigongana gizani mle nyumbani nikajua umeamka, moto unakuja. Sijawahi kupenda sauti nyingine kama ile.

Nilikuita Eiyo, kama watoto wote wa Kipsigis wanavyowaita mama zao. Niliporudi kutoka shule ya misheni nikakuita Mama, kwa Kiswahili, mbele ya watu. Ulicheka ukashika kiuno. "Sasa huyu ni mtoto ya nani?" ukauliza. Nami nikakasirika kwa sababu wenzangu walicheka pia.

Kisha nikapata ukarani katika ghala la nafaka Nakuru, nikaokoka, nikawa mwalimu wa wanaojiandaa kubatizwa. Eunike nilimpata kanisani. Wazazi wake walitoka magharibi na baba yake alifanya kazi kwenye reli. Mama yake alikuwa na kofia, viatu na mkoba. Mara ya kwanza nilipomwona akikaa kitini, miguu pamoja, mkoba magotini, nilikuona wewe kando yake na masikio yako, na mwili ukanisisimka kwa aibu. Ndiyo, aibu. Baadaye nilikuja kuiita imani.

Kanuni ya kanisa letu ilikuwa fupi: mwenye masikio ya kuning'inia habatizwi wala hakai benchi la mbele. Kina mama wengi walikuwa wamekatwa zile ndewe na kushonwa, nao walisifiwa kwa makofi. Lakini Mzee Zakayo, kiongozi wa wazee, alinivuta pembeni wiki ile ya harusi yangu. "Mfunge kitambaa mama yako," akasema. "Nani ataangalia?" Mimi ndiye niliyemjibu kwamba Mungu anaangalia. Mzee wa watu alinitazama kama mtu aliyetemewa mate, akaenda zake.

Ulikuja kwa lori la ngano, vumbi hadi kwenye kope. Nilipokueleza ulivishika vile vipuli kwa mikono yote miwili.

"Hii inatolewa siku moja tu," ukaniambia. "Siku mzee anazikwa. Baba yako iko hai."

"Hayo ni mambo ya giza, Mama."

"Atauliza."

"Aulize."

Ukanitazama sana. Kisha ukasema maneno ambayo hata Eunike sijamwambia: "Kama Mungu yako anataka masikio, mwambie achukue. Mimi sitaki kuaibisha wewe." Hukusema neno la wokovu hata moja. Nami, mwalimu wa ubatizo, niliyajua hayo, na bado nilikushika mkono tukaenda.

Dresa, mfunga vidonda wa pale zahanati, alikuwa kijana mchangamfu. "Mama, kaa tu vizuri, hii ni kama kushona shati." Alikata ndewe, akaunganisha nyama, nyuzi nne kila upande. Ulipoona vile vipande viwili vya ngozi vimetupwa kwenye ndoo, uliomba ufungiwe kwenye jani uende navyo nyumbani. Yule kijana akanitazama kama anayeuliza. Nilisema hapana, huo ni ushirikina. Vikachomwa pamoja na vitambaa vya vidonda. Vipuli vyako nilivitia mfukoni, na baadaye nikamwuzia fundi wa shaba. Hilo hukulijua, basi lijue leo.

Harusini ulikaa benchi la mbele, masikio yamefungwa bandeji, gauni la kuazima likikubana kwapani. Watu waliuliza kama umeungua. Mpiga picha, yule mzee wa pwani mwenye duka karibu na msikiti, alikwambia kwa adabu zake zote, "Mama, geuza uso kidogo, hiyo bandeji isionekane." Ukageuza. Katika picha yangu ya harusi mama yangu anatazama ukuta.

Wiki iliyofuata nilikusindikiza nyumbani. Nilijiambia naenda kumhubiria baba. Alikuwa anatoka kwenye josho la ng'ombe, fimbo mkononi, miguu imeloa dawa. Akakuona. Alitazama upande mmoja wa kichwa chako, akazunguka akatazama upande wa pili.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nilijibu mimi, kwamba hakuna aliyekufa, na nikaanza kusema habari za uzima mpya. Hakunipigia kelele. Alingoja nimalize.

"Basi ni mimi," akasema. "Na maiti hali chakula cha mjane wake."

Kuanzia siku hiyo hakugusa ulichopika. Maziwa uliyomwekea aliwamwagia mbwa. Mama mkubwa, mke wake wa kwanza, alikuletea mboga kwa kujificha, lakini hata yeye hakuweza kuingia nyumbani mwako. Nyumba ya mjane aliyemlilia mtu aliye hai nani ataingia? Miezi mitatu ulivumilia. Ulipofika mlangoni kwetu Nakuru na kifurushi kimoja, sidhani kama ulikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kanuni nyingine ya kanisa ilisema mke wa pili habatizwi mpaka aachane na mume. Nilipokuona mlangoni, kabla hata sijakupa maji, moyo wangu ulifurahi. Nilikuwa nimehangaika nitakuepushaje na ile kanuni, na tazama, baba alikuwa amenisaidia! Wewe ulikuwa umefukuzwa, mimi nikapiga magoti nikashukuru. Ukabatizwa Dorkasi. Makofi yalikuwa mengi.

Baba alipokufa kweli, tulikwenda wote wawili. Wanawake walikuwa wamekaa uani. Mama mkubwa alivua vipuli vyake kimoja kimoja, akavilaza chini, akaanza kulia, na wenzake wakamshika. Ulisogea ukae karibu naye. Mkono wako ukapanda sikioni, ukapapasa yale makovu, ukashuka. Mama mkubwa akakwambia bila ubaya, nakumbuka hakuwa na ubaya hata kidogo, "Wewe ulimaliza yako zamani. Kaa na wageni." Ukaenda ukakaa na wageni, kwenye mazishi ya mumeo.

Baada ya hapo ulikuwa unakula kama anayemfanyia mtu hisani. Kifua kikakubana msimu wa mvua, ukatuondokea kimya kimya. Watu husema majuto ni mjukuu. Kwangu yalikuja kabla ya mtoto wa kwanza, na bado sikuyafungulia mlango.

Leo baada ya ibada wazee tulikaa. Siku hizi mimi pia ni mzee wa kanisa. Mzee Zakayo alileta shauri kwamba kanuni ya masikio iondolewe. Kuna mama mmoja kutoka Olenguruone, mwanawe anaoa Jumamosi, naye anaomba akae mbele jinsi alivyo. "Tumeumiza watu ya kutosha," Zakayo akasema. Tuko saba. Watatu walinyoosha mkono kanuni iondoke, watatu ibaki. Wakanigeukia mimi.

Dirishani nilimwona yule mama. Alikuwa amesimama jua kali na mume wake, mzee mrefu aliyembebea kikapu. Wanaongea, wanacheka kitu chao. Nilijua kila kitu, Mama. Hakuna mtu mwingine mle ndani aliyejua ninachokijua. Lakini nikawaza: kama kanuni hii inaweza kuondoka kwa mkono mmoja uliokuwa unakuna goti, basi wewe ulikatwa kwa ajili gani? Nilimuuza nani, kwa nini? Mkuki kwa nguruwe mtamu, wanasema, na mimi nimewahi kuuonja upande wa mpini tu.

Nilinyoosha mkono kanuni ibaki. Zakayo aliinama akafunika uso.

Kwaheri, Mama. Usinijie ndotoni na huruma zako. Kwa kuwa namfahamu dresa, nimepewa kazi ya kumpeleka yule mama zahanati kesho saa mbili. Mumewe ameniuliza kama anaweza kuja naye. Nimemwambia abaki.

Ni mimi mwanao, ambaye hukutaka kumwaibisha