Kompyuta iliniuliza kama ifute

Juba, Jumanne, 2016

Na mimi ningejuaje? Kompyuta imeuliza, "Futa diski yote?" Hapa mtaani kwetu Gumbo vumbi linaingia hata kwenye chumvi. Nikabonyeza Ndiyo, nikaona mashine ina adabu.

Kumbe imefuta picha zote, na za marehemu baba yake Poni.

Poni binti yangu ndiye anatengeneza hiyo programu iliyoniuliza, ya kuweka mfumo mpya wa bure kwenye kompyuta, yeye na wenzake wa nchi za mbali. Mtoto wa Juba, na vita hivi! Majirani wote wanajua, nimewaambia.

"Mama, ulifikiri inafuta vumbi?"

"Wewe ndiye uliandika futa. Mimi nimetii."

Akacheka mpaka akalia, halafu akalia kweli. "Kalas, mama. Zimeisha. Hazina nakala."

Jioni ameandika upya lile swali la programu: "Kila kitu kilichomo kitapotea. Picha pia." Amewaambia wenzake kwamba mama yake ndiye aligundua kosa.

Kesho nitawaambia majirani hiyo sehemu.

Sura ya marehemu naikumbuka vizuri. Ila lile sikio lenye kovu, lilikuwa la kulia au la kushoto? Nimemuuliza Poni. Naye hajui.