Jiwe la Visigino

Mwenzangu, nimekwisha! Nimejifungia chooni hapa maabara.

Si nilikwambia jana nilikuwa naosha yale mawe tuliyochimbua, yaliyochongwa na watu wa kale, nikachukua moja nikasugulia visigino? Ukacheka. Na mimi nikacheka!

Leo profesa kaliweka kwenye hadubini. Kapiga ukelele mpaka mlinzi kaja mbio.

"Makali yamelainika! Hili jiwe lilikuwa la kukwangulia ngozi!"

Kukwangulia NGOZI, unanisikia?

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, ngozi ya mnyama gani? Akachungulia tena, taratibu.

"Ngumu sana hii. Nadhani ya kifaru."

Kifaru! Mimi!

Kashaita waandishi wa habari. Ningetoka nikiri, lakini wameshafika na kamera, na mimi leo nimevaa ndala.