Ukuta Wenye Joto

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko kiwandani? Sisi wazima. Simu yangu bado kiziwi, kwa hiyo usipige, andika tu.

Udobi unakwenda. Ile nyumba ya wageni imenipa shuka zake zote, sasa tunapiga pasi mbili kwa pamoja, mimi na wifi yako. Fyuzi ilikuwa ikikatika kila mara, hadi jirani yetu Fundi-Yote akautoa ule uzi wake mwembamba, akaweka waya mnene kama msumari. Haijakatika tena. Isitoshe, ukuta wa chumba cha baba umepata joto. Anauegemeza mgongo wake mbovu, anasema hii ndiyo dawa ambayo hospitali walimficha.

Kaka yako

Jumanne, 4 Machi

Kaka,

Shikamoo, na baba shikamoo. Mimi mzima, ila ujumbe wako umenikosesha chakula.

Sikiliza. Volteji ni msukumo unaoletwa na nyaya za nje. Haubadiliki kwa sababu una shuka nyingi. Mkondo ni umeme wenyewe unaopita. Ukinzani ni ule ugumu wa kupita. Kila pasi unayoongeza inafungua njia nyingine, mkondo unakua, na wote unapitia waya mmoja ulio ndani ya ukuta wa baba. Ukizidiwa, unachemka. Fyuzi iliwekwa nyembamba makusudi, ife yenyewe kabla ya nyumba. Fundi-Yote amemfukuza mlinzi, nawe umemshukuru!

Utoe huo waya mnene kwenye fyuzi. Mhamishe baba.

Mdogo wako

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba anakusalimu na hahami. "Mwambie huyo binti," anasema, "nimelala chumba hiki kabla umeme haujajua njia ya kuja."

Shuka zinatakiwa Jumamosi, kwa hiyo waya sijautoa. Lakini nimekusikia: tunatumia pasi moja. Mkondo nusu, joto nusu. Nami si mjinga. Ila hesabu zenu zina kasoro. Joto limezidi! Baba ameusogeza mto kando ili alipate vizuri. Tena kuna harufu kama ya samaki, ingawa wiki hii samaki tumemwona sokoni tu.

Kaka yako

Alhamisi hiyohiyo, jioni

Kaka,

Salamu baadaye. Mkondo ukipungua nusu, joto lilitakiwa kushuka hadi robo. Limepanda. Basi ukinzani ndio uliopanda: humo ukutani pana kiungo cha nyaya kilicholegea, umeme unajipenyeza kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo joto. Joto linakilegeza zaidi, nacho kinazidi kuchemka. Hiyo harufu ni plastiki inayoungua.

Zima swichi kuu sasa hivi. Mbebe baba na kitanda chake, atukane akiwa njiani.

Mdogo wako

Ijumaa, 7 Machi

Kaka, umesoma? Neno moja tu.

Mdogo wako

Jumamosi, 8 Machi

Fundi-Yote hapokei simu. Nimeomba ruhusa kazini. Wifi, kama ni wewe uliyeshika simu hii, niambie lolote, hata likiwa baya.

Wifi yako

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu,

Tuko hai sote, hilo litangulie. Nilizima pale pale niliposoma, kumbe simu nayo ilikuwa inakata roho. Leo ndiyo nimeichaji kwa kinyozi.

Tulimwita fundi wa kweli, akabomoa plasta. Nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe. Zimeungua zikawa nyeusi, na ubao wa nyuma yake umegeuka mkaa, upana wa kiganja kimoja tu juu ya pale baba alipolaza kichwa. Shuka nimezirudisha na makunyanzi yake; nyumba ya wageni imeshapata dobi mwingine.

Baba tumemhamisha. Amelala chumba cha mbele, mgongo unamuuma, na tangu asubuhi anatulaumu mmoja baada ya mwingine, wewe ukiwa wa kwanza. Sijawahi kufurahia lawama namna hii. Ngoja, anaanza tena. Naenda nikae karibu nimsikie vizuri.

Kaka yako