Mama, Wananiuliza Kama Nina Mume

Louisville, Kentucky

Mama yangu mpendwa, mama wa Elia,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Umeamkaje huko Bujumbura? Magoti je, bado yanakusumbua mvua ikinyesha? Na ile dawa ya macho, unaitia kila siku ama umeiweka kabatini kwa ajili ya wageni, kama zile nguo nilizokutumia? Sisi huku tuko wazima. Mjukuu wako Neema yuko Columbus, amepanga upande wa Northland karibu na maduka ya Waafrika, na kazi yake ni kutunza wazee. Ananijibu kwa Kiingereza hata nikimwambia kichwa kinaniuma, lakini bugali anakula, usiwe na wasiwasi.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Mama, ukipokea simu yako nyumba nzima inaizunguka, na jirani naye anaacha kuchambua mchele anakuja kusikiliza. Maneno ya leo hayataki watu wengi kwa mara moja. Yanataka uyasikie ukiwa umekaa.

Bon. Nataka kununua nyumba. Si nyumba yenye kiwanja, ni vyumba ndani ya jengo refu katikati ya mji, karibu na hospitali ninayofanya usafi. Vyumba vinakuwa vyako kabisa, lifti ni ya wote, na kila mwezi wenye vyumba mnachanga pesa ya kutunza jengo. Zamani lilikuwa ghala la tumbaku. Watu wa kanisa wamenicheka mpaka wamechoka. Wanasema Nyota anahamia mbinguni kabla ya kuitwa, atapanda wapi mboga zake za lenga-lenga, atatwanga wapi majani ya sombe bila mzungu wa ghorofa ya chini kuita polisi. Waache waseme. Nimechoka na mtaa huu wa Newburg, nimechoka kungojea basi kwenye theluji, na mwenye nyumba wangu anapandisha kodi kila anapokumbuka jina langu. Kule nitakwenda kazini kwa miguu. Na hakutakuwa na mtu wa kuniambia hama. Tangu tulipokimbia vita kule milimani, Mama, sijawahi kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia hama.

Lakini kwanza nikueleze habari za Elia huku Amerika. Usishtuke. Tulipofika, kijana wa shirika la wakimbizi aliyetupokea aliniuliza nyumba iandikwe ya nani. Nikamjibu kama mwanamke yeyote wa kwetu angejibu, kwamba ni ya Elia. Ningesemaje? Mke hasemi nyumba ni yake wakati mume ana jina. Akaandika. Jina la Elia likabandikwa kwenye sanduku la barua, na kutoka hapo, sijui lilipita wapi, likaenea nchi nzima. Wauza magari wakaanza kumwandikia. Watu wa bima wakaanza kupiga simu wakiomba kuongea naye. Mtu nisiyemjua anataja jina la mume wangu polepole, kwa adabu, na mimi nimesimama jikoni na mwiko mkononi, namwambia ametoka kidogo. Sijawahi kusema hayupo. Jirani wangu, mama mmoja Mrundi, alikaa miaka akiamini mume wangu anafanya kazi ya usiku.

Nikufiche nini, Mama, nilipenda. Nilikuwa naogopa na nilipenda. Kila karatasi yenye jina lake ilikaa mezani siku nzima kabla sijaitupa. Huku Elia anazeeka kama watu wengine. Siku hizi wanamwandikia habari za mashine za kusikia, na za kununua kaburi mapema.

Siku ya kwenda kuviona vile vyumba, Neema alikuja kutoka Columbus kunisindikiza. Ilikuwa mchana, jua linawaka, madirisha makubwa, mto unaonekana kule chini. Ndani hamna kitu hata kiti. Mwanamke anayeuza akawa anatuonyesha jiko, mimi nikawa napima kwa macho mahali pa kitanda, na nikamwambia Neema kwamba baba yake atalala upande wa dirisha kwa sababu hapendi joto. Neema akaniangalia. Hapo ndipo mtu alipokohoa nje ya mlango.

Unamjua mwanao. Elia hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikuwa anakohoa akiwa bado nje, mara ya kwanza na ya pili, ili walio ndani wajiweke sawa, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Kikohozi kilikuwa kile. Na si mimi peke yangu niliyekisikia, kwa maana yule muuzaji alikwenda kufungua akidhani kuna mnunuzi mwingine. Hakukuwa na mtu. Lifti ilikuwa inajifunga, tupu. Neema alinishika mkono akaniuliza kwa Kiingereza ni nani huyo. Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nikamwambia yule muuzaji kwamba navichukua, kwa sababu nilisema moyoni kwamba mume wangu amefika kabla yangu.

Bon, tukaenda kwa mwanasheria anayetengeneza mambo ya mauzo. Akaniuliza kama nina mume. Nikasema ninaye. Akasema basi aje atie sahihi, kwa sababu katika jimbo hili mume ana haki yake katika nyumba ya mkewe. Yuko wapi? Nikasema ametoka kidogo. Yule mzee aliweka kalamu chini, akanieleza kwa upole kwamba ama mume anakuja, ama mimi ni mjane na nilete ushahidi, ama niende mahakamani nimwache. Neema akadakia kwamba baba yake alikufa zamani. Mama, nilimkaripia mbele za watu, mtoto mkubwa yule anayejilipia kodi mwenyewe, mpaka akatoka nje analia.

Atajuaje? Alikua huku. Hajui kwamba kwetu mwanamke hajiiti mjane. Watu wa mume ndio wanaokaa naye chini, wanamlilia mtu wao, kisha wanamwita hivyo. Na wewe Mama ulikataa kilio. Ulisema humlii mtu ambaye hakuna aliyemwona amelala chini, na mimi nilikutii kwa moyo wangu wote, si kwa mdomo tu. Nilitaka uwe umesema kweli.

Basi nikampigia shemeji yangu Samweli, kitinda mimba wako, kule Buffalo. Yeye ndiye aliyekimbia pamoja na Elia siku ile, na alituambia sote kwamba walipotezana msituni. Mimi nilitaka shauri tu, nimjibu nini mwanasheria. Hakunipa shauri lolote. Alisema tu kwamba anakuja. Akapanda basi mpaka Columbus, Neema akamchukua kwa gari mpaka kwangu. Nilikuwa nimepika sombe na samaki, hakugusa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila kuvua koti.

Yale aliyoniambia siku ile ndiyo yaliyomleta Bujumbura. Hakuja kwa likizo, Mama, kama alivyokudanganya kwenye simu. Nilimwambia kwamba habari ya namna hii inabebwa na mtu, na anayeibeba ni yule aliyeona kwa macho. Yeye akasema ataanza kuongea na sauti itamkatikia. Ndiyo maana nimemwandikia njia. Samweli, wewe unayemsomea mama karatasi hii, najua umefika hapa ukitaka kuikunja. Usiruke mstari. Soma kama ulivyoniambia.

"Shemeji, hatukupotezana. Elia alifia mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyemzika."

Mama, risasi ilimpata kifuani. Samweli alimbeba mpaka kwenye mianzi juu ya mto. Wale waliompiga walikuwa wanapita chini yao, karibu, na Elia alikuwa anakohoa. Samweli akamziba mdomo ili wasisikike. Walipokwisha kupita, akaondoa mkono, na kaka yake alikuwa hapumui tena. Hajui kama ni risasi au ni mkono wake. Hilo ndilo lililomfunga mdomo miaka yote hii. Sikumwambia nilichokisikia kule ghorofani, amekijua leo anapokusomea.

Usimlaani. Nakuomba kwa magoti. Mkono ule ulitaka wapone wote wawili. Mimi mwenyewe nilimchukia kwa siku kadhaa, nakwambia ukweli, sikutaka hata kumwona anakunywa chai yangu. Kisha nikamwona analala kwenye kochi ameukalia mkono wake wa kulia, na chuki ikaniishia. Mahali pa kaburi anapajua. Aliweka mawe.

Mwanasheria anasema Samweli akirudi akaapa mbele ya hakimu, ushahidi wake utapokelewa, na mambo ya nyumba yataweza kuendelea. Wenye kuuza wamekubali kungoja kidogo, si sana. Lakini sitakwenda kwa hakimu kwanza. Siwezi kuwa mjane kwa wazungu wakati kwako bado ni mke. Vyumba vikienda, viende. Juzi mtu alipiga simu akamwomba Elia, sikumwambia ametoka kidogo, nikakata. Nyumba imekuwa kimya tangu siku ile, na kimya hicho kinanitisha kuliko kikohozi.

Nisalimie shangazi wa Elia, yule mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Nisalimie mchungaji wenu, umwambie asiende mbali siku hizi. Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na mama jirani wa mchele. Waite wote, Mama. Toeni viti, mumlilie mtoto wenu kama watu wanavyoliliwa. Samweli naye mumwache alie, hajawahi kupata nafasi.

Mkishamaliza, nipigie. Uniite mjane kwa mdomo wako mwenyewe, na mimi nitaitika.

Ni mimi, mke wa mwanao mpaka utakaposema,

Nyota